Sanduku la Pikipiki na Dakika Kumi za Mwizi

Leo tunatoka kidogo kwenye mambo ya programu, ingawa mtaona hatutakwenda mbali sana. Kwa miezi miwili sasa kila nikimaliza kazi jioni nimekuwa nikichora sanduku: sanduku la alumini la kufungwa ubavuni mwa pikipiki ya masafa marefu, lenye kitasa, lisiloingia maji, na ambalo mtu hawezi kulifungua kwa bisibisi nikiwa ndani ya hoteli nakunywa chai.

Sababu yenyewe ni hii. Kazi yangu ni kutunza programu ya rekodi za wagonjwa katika zahanati kadhaa ndogo huko juu, ambako mtandao ukipatikana asubuhi mchana umepotea. Kwa hiyo kila baada ya muda napanda pikipiki yangu ya sisi 650, naenda zahanati moja baada ya nyingine, narekebisha panapohitaji kurekebishwa na kurudi Nairobi na nakala rudufu kwenye diski. Diski hiyo ni ndogo kuliko sabuni ya kipande. Lakini ndani yake kuna majina ya watu, tarehe zao za kuzaliwa, na maradhi ambayo wengine hawajamwambia hata mke au mume. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ndiyo, na faini zake zinatisha. Mimi kinachoninyima usingizi ni yule mama wa mji mdogo ambaye kila mtu anamjua, ambaye jina lake likitoka halirudi tena.

Basi kabla ya kumpelekea fundi mchoro wangu nilitaka kujua waliotangulia walitatua vipi jambo hili. Nilidhani nitasoma jioni moja tu. Nimesoma majuma, na nimegundua kwamba historia ya sanduku la pikipiki ni historia mbili zilizokutana barabarani: moja ya mizigo, na nyingine ya kufuli.

Tuanze na mizigo. Pikipiki za kwanza zilirithi mkoba wa farasi. Mifuko miwili ya ngozi, mmoja kila upande, na mkanda wenye kibano. Jeshi la Marekani lilipotumia Harley-Davidson WLA katika Vita vya Pili vya Dunia, mifuko ilikuwa bado ni hiyo hiyo ya ngozi. Mkanda wa ngozi haumzuii mtu yeyote mwenye vidole. Ulinzi wa mkoba wa farasi ulikuwa mwenyewe kuwa karibu, na farasi hupiga teke akiguswa na mgeni. Pikipiki haina tabia hiyo.

Aliyenivutia zaidi katika enzi hiyo ni Mmarekani Robert Fulton Jr., kijana msanifu wa majengo aliyeondoka London mwaka 1932 kwa pikipiki ya Douglas na kufika hadi Japani, kisha akavushwa kwa meli kwenda Marekani na kuingia New York Desemba 1933. Karibu miezi 18 barabarani, akiwa na kamera ya sinema na shehena ya filamu. Baadaye aliandika kitabu, One Man Caravan, kilichotoka 1937. (Huyu ndiye aliyekuja kubuni gari lenye mabawa liitwalo Airphibian, na mtambo wa Skyhook wa kumnyakua mtu ardhini kwa ndege inayopita. Kichwa chake hakikuwa kikipumzika.) Pikipiki yake ilitengenezwa maalumu kwa safari ile, na bastola yake aliificha kati ya injini na bamba la chuma linaloikinga kwa chini.

Tazameni alichofanya. Hakutafuta kufuli kubwa. Kitu ambacho hakutaka kipatikane alikiweka mahali ambapo mtu hafikirii kutazama, pachafu, penye mafuta na moto. Watu wa Pwani hawatashangaa. Kasha la zamani la pwani yetu, lile la mbao ngumu lililopambwa kwa shaba, mara nyingi lina droo za siri. Mgeni anaona kitasa kikubwa cha mbele na kudhani ndicho mlinzi. Mwenye kasha anajua dhahabu haipo pale kitasa kinapoelekeza.

Kuficha ni mbinu nzuri mpaka siku siri inapotoka. Na siri za viwandani hutoka upesi, kwa sababu kila anayenunua sanduku lililotengenezwa kwa maelfu anajua siri ya wenzake wote. Kwa hiyo masanduku yalipoanza kutengenezwa kwa wingi ilibidi yaegemee kitasa. Uingereza, Ken Craven aliuza masanduku magumu ya pikipiki tangu miaka ya 1950. Ujerumani, Michael Krauser, aliyekuwa mkimbiza pikipiki za kigari cha pembeni, alitengeneza ya plastiki ngumu yaliyoonekana sana kwenye pikipiki za BMW katika miaka ya 1970. Mwaka 1978 Mwitaliano Giuseppe Visenzi, ambaye mwaka 1969 alimaliza wa tatu duniani katika mashindano ya sisi 350, alianzisha kampuni ya Givi. Kisha 1980 Honda wakatoa Gold Wing GL1100 Interstate, ambayo ilitoka kiwandani tayari na kinga ya upepo na masanduku yake. Kuanzia hapo sanduku lilikuwa sehemu ya pikipiki, kama buti la gari.

Wazo ambalo naona lilibadilisha mambo zaidi ni lile la Givi waliloliita Monokey. Ufunguo mmoja unafungua kifuniko, na ufunguo huo huo unalitoa sanduku zima kwenye pikipiki. Unafika hotelini, unazungusha, unalibeba kama sanduku la nguo. Kwa msafiri ni raha tupu, sikatai. Kwa mtu aliyefundishwa kutazama mfumo na kuuliza ni wapi utavunjikia, mwili unasisimka. Kitasa kidogo kimoja sasa kinalinda vitu viwili: kilichomo ndani, na sanduku lenyewe lisiondoke. Mwizi hahitaji tena kulifungua pale pale. Akiweza kulibandua, anaenda nalo kwake akalifungue polepole akisikiliza redio.

Na hivyo vitasa vidogo vyenyewe? Vingi ni vya vibapa, yaani vipande vyembamba vya bati ndani ya silinda, kila kimoja kikikatwa kwa kina chake. Chukua mfano wa kitasa chenye vibapa vinne, kila kimoja kikiwa na vina vinne vinavyowezekana. Funguo zote zinazoweza kuwepo ni 4 × 4 × 4 × 4, yaani 256. Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne na uwezekano 10,000, na bado Safaricom hawakuruhusu ujaribu bila kikomo. Kitasa kinakuruhusu. Hakichoki wala hakikufungii nje baada ya kukosea mara tatu.

Hapa ndipo historia ya pili inapoingia, ile ya kufuli, na kwa hiyo inabidi turudi nyuma hadi London, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, kabla pikipiki hazijakuwepo.

Mwaka 1784 Joseph Bramah alipata hataza ya kitasa chake, na kuanzia 1790 kiwanda chake kiliweka kimoja dirishani mtaa wa Piccadilly chenye tangazo: atakayetengeneza kifaa cha kukifungua atapewa gini 200 papo hapo. Kilikaa pale zaidi ya miaka 60. Waingereza walilala usingizi mzito. Kulikuwa pia na kitasa cha Jeremiah Chubb cha 1818, chenye ujanja unaonifurahisha kila nikiufikiria: mtu akijaribu kukichokoa na akainua kipande kimoja kupita kiasi, kitasa kinajikaza. Mwenyewe akija na ufunguo halali anakuta kimekaza, na papo hapo anajua kwamba kuna mtu alijaribu. Sisi watu wa seva tunaita hiyo kumbukumbu ya majaribio. Chubb aliitengeneza kwa chuma miaka 200 iliyopita.

Halafu likaja Onyesho Kuu la 1851 katika Crystal Palace, na pamoja nalo Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, aliyekuja kuuza vitasa vya kampuni ya Day & Newell ya New York. Mbele ya mashahidi alikifungua kitasa cha Chubb kwa dakika 25, kisha akakifunga tena. Baadaye akaomba kile cha dirishani. Kilimchukua saa 51, alizozigawa katika siku 16, na mwisho kikafunguka. Akalipwa gini zake 200. Magazeti yalibishana kama alitendewa upole mno, kwa kuwa mwizi gani angepewa siku 16 na chumba chake mwenyewe.

Nimesoma habari hii mara nyingi na watu huisimulia kama hadithi ya kushindwa kwa Bramah. Mimi naiona kinyume. Saa 51! Kwa mtu bingwa kuliko wote wa wakati wake, akiwa na vifaa alivyojitengenezea mwenyewe, bila hofu ya polisi. Hicho ni kitasa kizuri mno. Kosa lilikuwa katika kile watu walichojiambia kwa miaka 60, kwamba hakifunguki. Hobbs aliwapa kipimo ambacho hawakuwa nacho: Chubb, dakika 25, Bramah, saa 51. Tangu hapo usalama una kizio chake, nacho ni muda.

Watengenezaji wa kasha za benki walilielewa hilo kabisa. Maabara ya UL ya Marekani hupima kasha na kulipa daraja kama TL-15 au TL-30, na namba hiyo ni dakika: wapimaji hodari wenye vifaa vya mkono na vya umeme hawakuweza kuingia kwa dakika 15, au 30, za kazi halisi. Saa inahesabu pale tu kifaa kinapogusa chuma. Hakuna daraja la "halifunguki". Nenda duka lolote la vifaa vya pikipiki usome kilichoandikwa kwenye pakiti ya sanduku, na uniambie kama utaona dakika hata moja imetajwa. Utaona neno "imara".

Hobbs alitetea pia jambo ambalo wengi walimchukia kwalo: kwamba kueleza hadharani udhaifu wa kitasa hakumfundishi mwizi, maana mwizi anaujua tayari, ila kunamfumbua macho mnunuzi. Mwaka 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa akifundisha Ufaransa, aliandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi akasema mfumo lazima ubaki salama hata adui akiuteka mtambo wote, mradi hana ufunguo. Kila aliyesoma sayansi ya kompyuta amekariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Mimi niliikariri pia, na haikuniingia vizuri mpaka nilipoanza kufikiria sanduku.

Tuje karibu. Mwaka 1972, Greenwich Village, New York, baiskeli ilifungwa mtaani kwa kufuli jipya la umbo la U la kampuni ya Kryptonite, ikaachwa kwa siku 30. Wezi walichukua kila kitu kilichoweza kuchukuliwa. Kufuli lilibaki limefungwa. Kampuni ikapata sifa kubwa, na kwa haki. Lakini mwenye baiskeli hiyo angerudi nyumbani na nini?

Mwaka 2004 mwendesha baiskeli mmoja wa Marekani alionyesha kwa video kwamba baadhi ya makufuli ya Kryptonite yenye ufunguo wa duara yanafunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic. Unaukandamiza ndani, unauzungusha, basi. Plastiki laini inajifinyanga yenyewe kwa umbo la pini. Chuma cha U kilikuwa kigumu kuliko zamani, na kalamu ya shilingi chache ikakipita. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli. Kumbukeni, udhaifu wa vitasa vya aina hiyo kwa mrija wa kalamu ulikuwa umeshatangazwa tangu miaka ya 1990. Kama Hobbs alivyosema, waliohitaji kujua upande ule mwingine walijua.

Na kisa cha mwisho, ambacho ni cha masanduku hasa, ingawa ya ndege. Kuanzia 2003 makufuli ya mizigo yaliyokubaliwa na idara ya usalama wa safari ya Marekani, TSA, yalikuwa na tundu la pili la ufunguo mkuu wa wakaguzi. Novemba 2014 gazeti la Washington Post lilichapa picha ya funguo hizo, safi kabisa, meno yote yanaonekana. Kufikia Septemba 2015 kulikuwa na faili za kuzichapa kwa printa ya 3D, na watu wakazijaribu, zikafungua. Picha ya ufunguo ni ufunguo. Nilipoisoma nilitazama funguo zangu zilizokuwa mezani nikazigeuza kifudifudi kama mtu mwenye aibu.

Sasa turudi Nairobi, kwenye mchoro wangu.

Aliyewahi kusoma shule ya bweni hapa Kenya ana elimu ya usalama ambayo hakuipata darasani. Lile sanduku la bati kutoka Kamukunji, lenye kufuli kubwa la mbele ambalo mzazi alilinunua kwa uchungu. Je, kuna aliyewahi kuibiwa sukari kwa kufuli kuvunjwa? Hakuna. Mwizi aligeuza sanduku, akanyoosha waya wa bawaba za nyuma kwa kijiko, akainua kifuniko kwa upande usiotarajiwa, akachota, akarudisha. Kufuli halikuguswa. Kijana wa Kidato cha Pili anajua jambo ambalo watengenezaji wengi wa masanduku ya pikipiki wa Ulaya bado hawajaonyesha kwamba wanalijua.

Kwa hiyo mchoro wangu ulianza na bawaba, kitasa kikaja mwisho. Bawaba yangu ni ndefu, ya urefu wote wa sanduku, iko upande wa ndani wa kingo, na kifuniko kina mdomo unaoingia ndani ya sanduku kwa sentimita mbili upande huo. Hata pini ya bawaba ikitolewa yote, kifuniko hakiinuki. Ribiti hazipo nje. Masanduku mengi mazuri yanafungwa kwa ribiti kwenye kona, na ribiti ni kitu laini: keekee ya betri inaitoa kwa sekunde chache. Langu linakunjwa kutoka bamba moja na kuchomelewa kona, na si kila fundi anaweza kuchomelea alumini, kwa hiyo nimetembea. Wengi wa jua kali watakwambia wanaweza. Mwambie akuonyeshe kipande alichochomelea jana kabla hujampa senti.

Sanduku lina urefu wa sentimita 45, kimo 40, upana 22, ambayo ni karibu lita 40. Kwa alumini ya milimita 2 linafika kilo 4 hivi kabla ya bawaba na kitasa. Lingekuwa la chuma cha milimita 1.5 lingefika zaidi ya kilo 8, na kuna mawili. Watu hupuuza uzito wanapofikiria usalama. Katika safari ya Long Way Round ya 2004, ile ya Ewan McGregor na Charley Boorman kutoka London hadi New York kwa pikipiki za BMW zilizopakiwa hadi pomoni, fremu ya pikipiki ya mpiga picha wao Claudio von Planta ilivunjika Mongolia, akalazimika kununua pikipiki ya Kirusi ya huko huko ili aendelee. Sanduku lisiloibika likivunja pikipiki katikati ya jangwa limekuibia kwa njia nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo vyuma vya kushikilia sanduku nimevifanya vya chuma cha kawaida, siyo alumini. Vikikatika Marsabit, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea atavirudisha kabla chai haijapoa.

Sanduku halitoki kwa kuzungusha ufunguo. Limefungwa kwa bolti nne zinazoingilia ndani, vichwa vyake viko chini ya sakafu ya mbao nyepesi. Ili ulitoe lazima kwanza ulifungue. Nimetupa kabisa raha ya Monokey, na hotelini nitabeba mfuko wa ndani peke yake. Wapenda safari watanicheka. Wacheke tu.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia nalo limenipa raha kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie hesabu kidogo. Nilitaka sanduku lisiingie maji hata tone, kwa ukanda wa mpira kuzunguka kifuniko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa inasukuma kwa takriban kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Ukilifunga sanduku lisilopitisha hewa Nairobi na kulifungua Mombasa, tofauti ni kilopaskali 19. Kifuniko changu ni karibu sehemu moja ya kumi ya mita mraba. Zidisha: nguvu inayokikandamiza ni sawa na kilo 190, yaani magunia mawili ya mahindi na kitu juu yake. Kwa kweli mpira ungevujisha kabla ya kufika hapo, lakini mnaona shida. Ndiyo maana masanduku ya Pelican ya wapiga picha na wanajeshi yana vali ndogo ya kusawazisha hewa. Nimeweka tundu dogo chini, lenye kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa na kukataa maji. Tundu hilo ni milimita 6, na hakuna waya wa mwizi utakaoleta diski kupitia hapo.

Kitasa nimenunua cha pini, kizazi cha kile ambacho Linus Yale Mdogo alikipatia hataza mwaka 1861 na 1865, silinda ya kawaida ya mlango wa nyumba, kilichozama ndani ya bamba ili kisishikike kwa koleo. Kinasukuma fito mbili zinazoingia pande mbili za kifuniko, kwa hiyo kona haiwezi kukunjwa kwa mtaimbo kutoka upande mmoja. Rafiki yangu aliyesoma uhandisi alikuja na mtaimbo, bisibisi kubwa na msumeno, tukalijaribu sanduku la mfano la bati nililotengeneza kwanza kwa vipimo hivyo hivyo. Alichukua dakika 11. Kelele zake ziliwatoa majirani wa ghorofa mbili.

Dakika 11 na kelele. Hicho ndicho nilichonunua kwa pesa zote hizi. Kwenye kituo cha mafuta zinatosha kupita kiasi. Uani kwa hoteli yenye bawabu macho, zinatosha. Uani kwa hoteli ambayo bawabu amelala, au pikipiki nzima ikipakiwa kwenye pickup usiku, hazitoshi, na hakuna unene wa alumini nitakaouweka utakaozifanya zitoshe. Mtu huyo ana siku 16 za Hobbs, na grainda juu yake.

Kwa ajili ya huyo, diski imesimbwa kwa fiche yote, kwa LUKS kwenye Linux, kwa AES. Na AES ni mtoto halali wa hoja za London 1851: ilichaguliwa baada ya shindano la wazi lililoanza 1997, ambapo wataalamu wa dunia nzima walialikwa kuvunja kazi za wenzao hadharani, na ikawa kigezo rasmi mwaka 2001. Kila mtu anajua inavyofanya kazi. Hapo hatuhesabu tena kwa dakika wala kwa saa. Nywila haiko kwenye sanduku wala kwenye kipakatalishi. Sanduku linalinda shilingi zangu na safari yangu ya wiki nzima isiwe bure. Yule mama wa mji mdogo analindwa na hesabu.

Nimejifunza kutochanganya kazi hizo mbili. Ningekuwa na sanduku tu, ningelala macho kila hoteli. Ningekuwa na fiche tu, ningepoteza diski tatu kwa mwaka na zahanati zingekosa nakala zao siku seva ikiungua, na rekodi zilizopotea zinaumiza mgonjwa vile vile kama zilizovuja.

Fundi anasema atamaliza kuchomelea la pili Ijumaa. Kitasa kilikuja na funguo tatu, na namba ya ufunguo imechongwa usoni mwa silinda, pale pale ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha akipita. Hiyo nimeifuta kwa tupa juzi. Ufunguo mmoja uko kwangu, wa pili umeshonwa ndani ya koti la mvua, na wa tatu ameuchukua dada yangu Nakuru, ambaye ameuliza mara mbili kama unafungua na pikipiki pia.